Kabla hujatoa hela ya mashine ya vakyum, soma kwanza haya niliyopitia

Naandika hii kwa ajili ya yule ambaye ameshaziona zile video, nyama inawekwa kwenye mfuko, mashine inavuta hewa, mfuko unabana mpaka unaona nyuzi za nyama, na sa hivi yuko njiani kwenda Kariakoo na hela mkononi. Sikukatazi, mashine ninayo na siiachi, ila kuna vitu muuzaji hatakwambia kwa sababu na yeye hajui, leo anauza mashine za vakyum kesho anauza blenda. Mimi vilinigharimu hela, chakula na amani ya nyumbani mpaka nikaelewa, na kikubwa kuliko vyote ni hiki: mashine inatoa hewa, basi. Haiui vijidudu, haigandishi, wala haimrudishi samaki aliyelegea akawa wa asubuhi. Anayehifadhi chakula ni baridi kali, usafi na haraka yako wewe, halafu kutoka kwa hewa ndo kunaisaidia hiyo baridi ifanye kazi muda mrefu bila chakula kukauka na kupoteza ladha.

Naishi Tabata, kazi yangu ni Posta, natoka bado giza na narudi giza. Sokoni naenda wikiendi tu. Kwa hiyo maisha yetu yalikuwa ya kununua vingi Jumamosi na kutupa vingi Alhamisi, mchicha umeshakuwa mweusi, nyanya zimeota ukungu, na samaki niliyemweka friza kwenye mfuko wa kawaida akitoka pale ana weupeweupe pembeni amekauka kabisa. Watu wengi wakiona ule weupe wanadhani nyama imeoza. Haijaoza. Ni maji ya nyama yametoka yakageuka barafu ndani ya mfuko, kwa sababu kati ya nyama na mfuko kuna nafasi ya hewa. Ukila huumwi, ila ladha imekwenda na mdomoni ni kavu. Hilo tatizo moja ndo mashine ya vakyum inalitibu vizuri kweli, na ndo lilinifanya niitake.

Mashine nilinunua laki na ishirini. Nikajua nimemaliza, kumbe mashine ndo ilikuwa rahisi, inayokula hela ni mifuko. Hizi mashine ndogo za nyumbani zinavuta hewa kwa kupitia mdomo wa mfuko, kwa hiyo mfuko lazima uwe na upande mmoja wenye vijimistari vya kupitisha hewa, ukipapasa kwa kidole unavisikia. Mimi niliuziwa na bunda la mifuko laini pande zote, nikaambiwa "zote sawa tu dada yangu", nikafika nyumbani mashine inanguruma mfuko umekaa vilevile. Ile mifuko laini ni ya mashine kubwa za mabuchani zile za kufunika mfuniko, ambazo bei yake hata usiulize. Kwa hiyo pale pale dukani, kabla hujalipa, omba umeme, weka mfuko, weka hata mkate ndani, vuta, uone. Ukikataliwa kujaribu ondoka.

Kitu kingine ambacho ningekinunua kabla ya mashine yenyewe ni kipimajoto cha friza. Chakula kilichogandishwa kinatakiwa kikae nyuzi 18 chini ya sifuri, na ile sehemu ya juu ya friji ya mlango mmoja, pale tunapoweka barafu, nyingi hazifiki huko. Barafu inashika, ndio, lakini maji yanaganda kwenye sifuri, kwa hiyo kuona barafu sio ushahidi kwamba nyama iko salama kwa miezi. Pale weka vitu vya wiki moja, sio vya miezi sita.

Sasa nije kwenye iliyoniuma. Sikukuu ya Kuchinja mume wangu na ndugu zake walichanga wakachinja ng'ombe, mafungu yakagawiwa, la masikini, la ndugu na majirani, letu likabaki kubwa kuliko kawaida kwa sababu shemeji zangu wawili walikuwa wanasafiri wakatuachia na la kwao. Mashine ilikuwa bado mpya, nikasema leo ndo leo. Nyama bado ina joto la ng'ombe, nikakata mapande ya kilo mbili mbili na tatu, nikasili yote, yaani nikavuta hewa na kuufunga mdomo wa mfuko kwa ule waya wa moto wa mashine, nikapanga friza kuanzia chini mpaka juu, nikafunga mfuniko nikaenda kupika pilau. Kesho yake jioni friza bado inaunguruma haijapumzika. Nikafungua. Mifuko iliyogusa ukuta imeganda ngumu, ya katikati ukiibonyeza kidole kinazama.

Ambacho sikuwa nakijua ni kwamba friza ya nyumbani kazi yake ni kutunza kilichoganda, na kugandisha kidogo kidogo, haina nguvu ya kupoza kilo arobaini za nyama yenye joto kwa mpigo. Yangu ni ya lita 200, na kwa friza ya ukubwa huo kitu kipya kwa siku kisizidi kilo 8 hivi. Ukizidisha, ile ya katikati inashinda na kulala ikiwa vuguvugu, na hapo vakyum haisaidii, kuna vijidudu ambavyo vinapenda hasa mahali pasipo na hewa. Tulipofungua ile mifuko ya katikati harufu ilijaza jiko. Tukamwaga. Roho iliniuma kwa sababu ile nyama ilikuwa na watu wake, mtaani kwetu kuna mabibi wanalea wajukuu na fungu la sikukuu ndo nyama wanayoisubiri, mimi nimelifungia ndani mpaka likaharibika. Mume wangu hakusema neno siku ile na ukimya wake ulikuwa mgumu kuliko angeniambia. Tangu hapo tumekubaliana, ikija nyama nyingi tunaangalia friza inabeba nini kwa siku hiyo, kinachozidi kinatoka kwenda kwa watu siku hiyohiyo.

Na hata ile iliyoganda vizuri pembeni haikuwa nzuri. Tulivyoitoa kupika ikamwaga maji mekundu nusu bakuli, ukipika inakuwa ngumu, watoto wanaitafuna wanaiacha sahanini. Baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba nyama ikitoka kuchinjwa misuli yake inakaza kwanza, halafu ndo inaachia yenyewe. Ukiigandisha kabla haijamaliza kukaza, siku ukiiyeyusha inakaza yote kwa mpigo, inajikunja na kukamua maji yake nje. Kwa hiyo nyama ya kuchinjwa leo iweke kwanza kwenye friji, sio friza, friji la kawaida lenye baridi ya nyuzi 4 au chini ya hapo, imetandazwa isirundikwe. Mbuzi ipe usiku kucha, ng'ombe siku nzima au na zaidi, kuku wa kienyeji masaa kadhaa. Halafu ndo ukate, ufute maji, usili. Ukinunua buchani nyama ambayo imeshalala kwenye baridi hilo halikuhusu, ila ukinunua machinjioni Vingunguti asubuhi imetoka kuchinjwa, linakuhusu sana.

Samaki ni habari nyingine kabisa, yeye hatakiwi kulala.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Pangani, samaki amewajua toka utotoni. Alikuja kututembelea akanikuta nasili vibua ambavyo vilikuwa kwenye ndoo tangu asubuhi, bila barafu, mimi nilipitia saluni kwanza. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba, akasimama anaangalia. Hakunisema mbele ya watu, alinivuta pembeni.

"Mwanangu, samaki hasubiri. Hii mashine yako itamfunga hivyohivyo alivyo."

"Lakini mama si nawagandisha sasa hivi?"

"Utawagandisha na ubovu wao."

Nikajisikia vibaya kidogo maana nilijiona mimi ndo mjuzi mwenye mashine, lakini alikuwa sahihi kuliko hata alivyojua. Vibua na jodari, na jamii hiyo ya samaki wenye nyama nyeusinyeusi, wakikaa kwenye joto vijidudu vinatengeneza kitu kinaitwa histamini ndani ya nyama, na ikishatengenezwa haiondoki. Kugandisha hakuitoi, kukaanga hakuitoi, ndimu haiitoi. Unakula, baada ya muda mfupi uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga, na watu wanasema fulani ana aleji ya samaki kumbe samaki alipigwa jua. Na samaki huyo anaweza asinuke kabisa. Vile vibua vya siku ile hatukuvila.

Sasa hivi nikienda soko la samaki la Feri naenda na ndoo yenye barafu kutoka nyumbani. Nanunua samaki mwenye mashavu mekundu, macho yamejaa hayajazama, ukimbonyeza nyama inarudi. Nawapa wale vijana wa kupara wanamtoa magamba, matumbo na mashavu, halafu moja kwa moja kwenye barafu. Saluni baadaye. Nikifika namwosha haraka na maji baridi, namkausha kwa kitambaa safi, na hapa ndo kuna siri ya kusili ambayo ilinichukua muda kuigundua.

Mfuko unakataa kusilika kwa sababu ya maji au mafuta kwenye mdomo wake. Mashine ikivuta, maji ya samaki yanapanda, yanafika kwenye ule waya wa moto, plastiki haishikani, unaona mfuko umebana vizuri ukiutoa, kesho umelegea. Na yale maji yakiingia ndani ya mashine yanaua pampu, na ndani ya mashine kunaanza kunuka. Kwa hiyo kwanza kabla hujaweka kitu, kunja mdomo wa mfuko kwa nje, upana wa vidole vitatu, kama unavyokunja mkono wa shati, ndo utumbukize vipande, halafu ukunjue, ule mdomo unabaki msafi na mkavu. Pili, panga vipande vya nguru au kolekole kwenye trei, weka friza saa moja au mbili mpaka vikaze juu, ndo uvisili, hapo hakuna maji ya kupanda. Tatu, piga mistari miwili ya kusili, wa pili upana wa kidole kutoka wa kwanza. Na penye mfupa au mwiba uliochongoka funika na kipande cha karatasi ya kuokea kilichokunjwa mara kadhaa, la sivyo mfupa unatoboa mfuko mashine ikishavuta. Mbavu za mbuzi zimenitobolea mifuko mingi sana. Kesho yake fungua friza upapase kila mfuko, uliobana ni mzima, uliolegea umetobolewa, huo pika wa kwanza.

Fungu moja liwe la kupika mara moja. Nyama nusu kilo, iliyosambazwa ikawa bapa unene wa vidole viwili, inaganda haraka na kuyeyuka haraka, na unaisimamisha ndani ya friza, mfuko mmoja pembeni ya mwingine. Yale mapande ya kilo tatu usirudie. Andika jina na tarehe, tumia masking tepu na maka peni, maana vikishaganda maini na nyama huwezi kutofautisha, na andika kabla ya kuweka ndani kwa sababu kwenye ubaridi tepu haishiki.

Pweza mtie tu friza bila wasiwasi, yeye anafaidika. Barafu inavunjavunja nyuzi zake, siku ya kupika analainika bila kupigwapigwa.

Muda nao watu wanadanganyana, utasikia vakyum inakaa miaka mitatu. Mimi naenda hivi: samaki wa mafuta kama vibua na jodari miezi miwili mpaka mitatu, changu na wenzie miezi sita, nyama ya kusaga mitatu au minne, kuku wa vipande miezi tisa, steki nzuri hata mwaka. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri chakula hakigeuki sumu tarehe ikipita, kinachopungua ni utamu. Lakini kwa nini ule kitu kisicho na utamu wakati umelipia.

Mboga ndo nilizipuuza na ndo zimenifaidisha kuliko vyote. Ukichukua mchicha mbichi ukausili na kuugandisha, baada ya mwezi una rangi ya majani makavu na ladha ya ajabu, kwa sababu vimeng'enya vya mboga havifi kwa baridi, vinapunguza mwendo tu. Vinakufa kwa moto. Maji yachemke kwelikweli, tumbukiza mboga, hesabu dakika, toa, tumbukiza kwenye beseni la maji yenye barafu kwa muda uleule ili zisiendelee kuiva, chuja, kausha, gandisha. Njegere dakika moja na nusu, mchicha na matembele dakika mbili, karoti za vipande mbili, maharage machanga ya kijani tatu, bamia ndogo tatu kubwa nne. Hapo kwenye beseni la barafu usibane matumizi, maji yakishakuwa vuguvugu badilisha, mimi barafu naiandaa toka jana yake. Njegere kutoka Lushoto zikishuka bei nanunua nyingi, tunakaa sebuleni na watoto tunamenya, na miezi ambayo zimepanda mimi zangu zipo za kijani kabisa. Kisamvu chenyewe kinatwangwa na kuchemshwa kikaiva kama kawaida kwanza, kisamvu kibichi kina sumu inayotoka kwa kutwanga na kuchemsha, baridi haiitoi, halafu ndo unagawa kwenye mafungu.

Na sio kila kitu kinafaa kuvutwa hewa. Vitunguu swaumu vibichi na uyoga mbichi usivisili ukaviweka friji au kabatini, humo bila hewa kuna kijidudu kinachotengeneza sumu mbaya ya kupoozesha mwili, na huisikii kwa harufu wala huioni. Swaumu iliyosagwa ikachanganywa na mafuta vilevile, ipeleke friza moja kwa moja kwenye vitrei vya barafu. Kabichi na koliflawa mbichi zinatoa gesi, mfuko unavimba. Viazi mviringo vibichi vinabadilika rangi na kuwa majimaji, mayai ya kuchemsha yanakuwa magumu ya kunesa, tango ndo usiguse kabisa. Nyanya zitapoteza umbo ila kwa mchuzi ni sawa tu, mimi nazisaga kabisa.

Kwa ajili ya Ramadhani sambusa nazigandisha mbichi kwenye trei bila kufunika, zikishakuwa ngumu ndo naziweka mfukoni na kuvuta hewa taratibu, ukizivuta zikiwa laini zinabondeka na nyama inatoka pembeni. Maandazi na mikate hivyohivyo, gandisha kwanza. Chapati weka karatasi kati ya moja na nyingine. Tui la nazi nalijaza kwenye vikopo, likiganda nalitoa kama tofali dogo ndo nasili, likiyeyuka linajitenga, ukikoroga kwenye moto mdogo linarudi. Mchele na maharage vilivyoanza kuingiwa na fukusi navisili, vinakaa friza siku 4 au zaidi, fukusi na mayai yake vinakufa, halafu unaacha mfuko upoteze ubaridi kabla hujaufungua usije ukashika unyevu, baada ya hapo mfuko wa vakyum unakaa kabatini bila shida.

Kuyeyusha ndo mahali ambapo watu wanaharibu kazi yote. Usiache nyama juu ya sinki kuanzia asubuhi mpaka utoke kazini, kwa joto la Dar nyama kwa nje imeshapata moto wakati ndani bado barafu. Ihamishie kwenye friji usiku wa jana yake, au kama una haraka izamishe na mfuko wake kwenye maji baridi na uyabadilishe kila nusu saa. Na samaki wa vakyum, hili nalirudia kwa wifi zangu wote, mtoboe mfuko au mtoe kabisa KABLA hujaanza kumyeyusha. Kile kijidudu cha sumu ya kupoozesha nilichokitaja kwenye swaumu kuna aina yake inayokaa kwenye samaki na inaweza kukua hata kwenye baridi ya nyuzi 3 na kitu, yaani ndani ya friji lako, mradi hakuna hewa. Akipata hewa haikui. Ni sekunde moja ya kisu, isikupite.

Halafu umeme. Mgao wa mwisho wa mwaka 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujawashwa Februari 2024, ulinipa shule yake peke yake. Friza iliyojaa ambayo haifunguliwi inashika baridi kama masaa 48, ya nusu kama masaa 24, kwa hiyo adui mkubwa kipindi cha mgao sio umeme peke yake, ni mtu anayefungua fungua kuangalia kama vimeyeyuka. Nafasi tupu najaza chupa za maji yaliyoganda. Na kwa siku ambazo hatupo nyumbani kuna kikombe cha maji kimeganda friza na sarafu juu yake, nikirudi nikakuta sarafu imezama katikati ya barafu au chini kabisa, basi umeme ulikatika muda mrefu, vitu viliyeyuka na kuganda upya hata kama vinaonekana vigumu. Mfuko wenyewe nao unasema, angalia pembeni chini, ukiona dimbwi la damu lililoganda ambalo halikuwepo, hiyo iliyeyuka. Kama ndani bado kuna chembe za barafu, au kipimajoto kinasoma nyuzi 4 au chini yake, unaweza kurudisha, ladha itapungua tu. Ikikaa juu ya hapo zaidi ya masaa mawili tupa, na joto letu likiwa kali saa moja inatosha. Mfuko uliovimba usiufungue hata kunusa.

Pia nunua frijigadi, kile kifaa cha kukinga friza na umeme unaopanda na kushuka. Kinachoua friza kipindi cha mgao mara nyingi ni umeme unavyorudi kwa kishindo, jirani yangu kompresa yake ilikufa hivyo na fundi akamtoza hela ya kusikitisha.

Kwenye hela niseme ukweli. Friza yangu inakula kama unit moja kwa siku, unit ni shilingi 350 na ushee, kwa hiyo LUKU inaongezeka elfu kumi na kidogo kwa mwezi. Ongeza mifuko. Kwa familia ya watu wawili wanaokaa karibu na soko na wananunua kila siku, mimi naona hailipi, kula chakula kibichi cha siku hiyo. Inalipa kwa mtu wa ratiba kama yangu, kwa mama anayeuza chakula, kwa anayelima au anayepokea mzigo mkubwa kwa mara moja. Ila mifuko punguza gharama hivi: kata mrefu kuliko unavyohitaji, ukifungua unakata juu tu, iliyokuwa na mchele, karanga au njegere unaiosha na kuikausha unaitumia tena ikiwa fupi. Iliyobeba nyama au samaki mbichi tupa, usiangalie bei yake.

Na kama hela ya mashine haipo, usikae unasubiri. Chukua mfuko wa zipu mzito, tia nyama, funga zipu ubakize uwazi wa kidole, izamishe taratibu kwenye beseni la maji mpaka maji yakaribie zipu, maji yenyewe yanasukuma hewa nje na mfuko unabana, malizia kufunga, kausha, andika tarehe, tia friza. Kwa chakula ambacho kitaliwa ndani ya mwezi au miezi miwili hiyo inatosha kabisa, na ile laki uliyokuwa uende nayo Kariakoo toa kwanza ya kipimajoto na ya frijigadi.